Siku Tuliyopeleka Sataranji Yetu Elgon View

Chumba kile cha nyuma ya kanisa kilinuka kanzu za kwaya ambazo hazikuwahi kukauka sawasawa. Eldoret ni mji wa baridi, na katika miezi ya mvua kanzu zile zilining'inia kwenye misumari kama watu waliochoka kusimama, zikitoa harufu ya sabuni ya mche, ukungu na jasho la Jumapili iliyopita. Nje, mashine ya kusaga mahindi ilinguruma tangu asubuhi, na unga ulipenya chini ya mlango hadi viatu vyetu vikawa vyeupe. Tulikuwa watoto watano kwenye mabenchi mawili, ubao mmoja katikati, na dirisha dogo lililotuonyesha mabati ya mtaa wetu wa Huruma yakishuka kuelekea mtoni. Hapo ndipo nilipojifunza sataranji nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba hapo pia ndipo nilipojifunza kusema ukweli, lakini siku hizi sina hakika kama lile nililojifunza lilikuwa hilo.

Aliyetuletea mchezo ule ni Mwalimu Koech, kijana mwembamba aliyekuwa akisomea hesabu chuoni Chepkoilel. Alikuja kila Jumamosi akiwa amefunga ubao kwa kamba nyuma ya baiskeli, na vipande vyake vikigongana ndani ya soksi ya sufi. Hakutuhubiria. Siku ya kwanza alitutazama tulivyokuwa tunasukumana, akasema, "Mtoto wa Huruma ana akili ya kutosha. Anachokosa ni mahali pa kukaa nayo." Kisha akatupanga wawili wawili bila kuuliza mtu anatoka kabila gani, na mwaka ule hilo halikuwa jambo dogo. Baba yangu alikuwa na duka barabarani; wazazi wake walikuja huku kutoka Nyandarua kutafuta ardhi. Wenye asili ya nyanda hizi walinunua sukari kwake kwa adabu, naye aliwahudumia kwa adabu, na adabu ile ilikuwa baridi kuliko asubuhi za Julai. Lakini chumbani, mimi Nyambura niliwekwa mbele ya Kibet, mwana wa nyanda hizi, na kilichokuwa kati yetu kilikuwa ubao tu.

Kibet alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alifua nguo za watu, na familia yao ya watu saba ililala katika chumba kimoja cha kupanga ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Alikuwa mwepesi wa ngumi na mwepesi wa kucheka. Mchezo ulipokwisha sisi wengine tulikimbia nyumbani, yeye alibaki. Aligeuza ubao upande wa nyuma, akaweka daftari lake juu yake, akafanya kazi ya shule mpaka bawabu wa kanisa aje na funguo. Nilidhani anapenda sana kusoma. Sikuelewa kwamba hakuwa na meza nyingine duniani.

Baada ya Jumamosi tano hivi, chuo kikafungwa kwa sababu ya mgomo. Mwalimu Koech akatumwa nyumbani pamoja na wenzake. Alituachia ubao na vipande, akatuandikia jinsi kila kipande kinavyotembea, akatuahidi kwamba ameshatupangia mechi na shule moja ya Elgon View, mtaa wa wenye nacho, mwisho wa muhula. Kile ambacho hakutuandikia, tulijaza wenyewe. Na sisi tulikuwa watoto wa drafti. Huruma nzima ilicheza drafti kwa vifuniko vya soda, kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na sheria ya drafti kila mtoto aliinyonya na maziwa: ukiweza kula, lazima ule. Usipokula, kipande chako kinaondolewa ubaoni na unachekwa mpaka jioni. Mzoea punda hapandi farasi. Sisi tulimpanda farasi wa sataranji, lakini tukamwendesha kama punda. Bila mtu yeyote kuamua, kula kukawa lazima.

Sitadanganya, mchezo wetu ule ulikuwa mtamu. Kila kipande ulichosogeza kilikuwa chambo. Tuliita kulisha. Ungemlisha mwenzako askari mmoja, farasi wake akatoka mlangoni pa mfalme. Ungemlisha mwingine, malkia wake akaburutwa hadi pembeni kabisa, huku mwenyewe akilalamika kama mtu anayelishwa dawa. Kibet alikuwa bingwa wa kulisha. "Kula, mrembo, kula ushibe," angeniambia akisukuma kipande mbele yangu. Nami ningekaa dakika nzima nikitafuta namna ya kutokula, na namna haikuwepo. Nilikuwa mchezaji wa polepole kuliko wote. Waliniita Trela, kama lori refu linalopanda mlima.

Tatizo lilianza kwa kwaya kununuliwa kinanda. Mzee Yohana, aliyekuwa mkuu wa wazee wa kanisa, alihitaji chumba cha kukifungia, na mtu fulani alikuwa amemnong'oneza kwamba watoto wa nyuma ya kanisa wanafundishwa kamari. Mzee Yohana hakuwa mtu mbaya. Alikuja akasimama kizingitini, mikono nyuma, akavitazama vile vipande kama anavyotazamwa mgeni asiyejulikana alikotoka.

"Huu mchezo unawasaidia nini?"

"Akili, Mzee," Kibet akajibu.

"Akili." Alilitafuna neno lile. "Haya. Nasikia mnaenda kucheza na watoto wa huko juu. Mkishinda hata mchezo mmoja, chumba ni chenu, na mimi mwenyewe nitawatetea kwa wazee. Msiposhinda, kinanda kiingie. Tumeelewana?"

Tukasema tumeelewana. Mchezo mmoja kati ya mitano! Alipotoka tulirukaruka hadi kanzu zikaanguka misumarini.

Tulikwenda kwa miguu, na barua ya utambulisho aliyotuachia Mwalimu Koech mfukoni mwa Kibet. Kutoka Huruma hadi Elgon View si mbali kama watu wanavyodhani, ila kelele zinapungua kila hatua, mpaka unafika mahali ambapo kelele pekee ni mbwa nyuma ya ua na maji yanayomwagiliwa majani. Walitupokea vizuri, wakatupa maandazi na chai ya maziwa mengi. Ukumbi wao ulikuwa na sakafu ya mbao. Vipande vyao vilikuwa vizito, vimebandikwa kitambaa laini chini, na nilipokisogeza cha kwanza nilishtuka kwamba hakikutoa sauti.

Haikupita nusu saa nikasikia sauti ya Kibet kwenye meza ya kwanza.

"Kula."

"Sitaki," mvulana aliyekuwa mbele yake akajibu.

"Hakuna cha kutaka, boss. Lazima ukule."

"Nani amesema?"

"Zii, usinichezee." Kisha Kibet, kwa haki yote aliyoijua, akanyoosha mkono akaiondoa ngome ya mwenzake ubaoni, kama tulivyozoea kumwadhibu aliyekataa kula.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mvulana yule akasimama akipiga kelele kwamba anaibiwa. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye miwani, akaja, akasikiliza pande zote mbili bila kucheka, akairudisha ngome mahali pake. Akasema kwa sauti ya kutosha kusikika ukumbi mzima, "Katika mchezo huu hakuna anayelazimishwa kula. Unakula ukipenda." Nilimwona Kibet akiutazama ubao wake. Alikuwa amelisha farasi wawili na malkia. Mipango yake yote ilimhitaji mwenzake ale, na mwenzake alikuwa huru. Hakupigana, ingawa nilimwona akikunja ngumi chini ya meza na kuikunjua. Alicheza hadi mwisho, akafungwa. Mmoja baada ya mwingine, wenzangu watatu wengine nao wakafungwa.

Mimi nilibaki kwa sababu ya utrela wangu. Maneno ya mama yule yalinikuta nimetulia mbele ya askari mmoja ambaye msichana niliyecheza naye alikuwa amemweka karibu na malkia wangu. Kwa dakika kumi nilikuwa nimemtazama askari yule kwa hofu. Niliona wazi kwamba nikimla askari yule, mfalme wangu atabaki uchi, na niliamini kwamba sina budi kumla. Nilikuwa ninatafuta tu njia ya kufa polepole. Na sasa nikaambiwa sina haja. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Ilikuwa kama mtu aliyekaa miaka ndani ya chumba, kisha akasukuma mlango na kukuta haukuwa umefungwa. Nilimwacha askari yule. Nikamrudisha malkia nyumbani, na kuanzia hapo nikacheza mchezo ambao sikuwahi kuucheza, mchezo wa kuchagua. Wenzangu walikuja kusimama nyuma yangu, pumzi zao shingoni mwangu. Tulilana kidogo kidogo hadi ubaoni wakabaki wafalme wawili tu, wakizungukana, hakuna anayeweza kumgusa mwenzake. Mama mwenye miwani akatangaza sare. Msichana yule akanipa mkono. Nilitaka kulia kwa furaha, na Kibet akaniambia sikioni, "Trela, hiyo haitoshi."

Njiani kurudi ndiye aliyetoa wazo. "Tutasema Nyambu ameshinda. Mzee hajui hata farasi anaendaje. Nani atamwambia?" Wote wakakubali. Akanigeukia. "Nyambu?" Nikatikisa kichwa kukubali, hilo silisahau. Alinishika bega.

Mzee Yohana alikuwa akitungoja langoni mwa kanisa. Hakumwuliza Kibet. Labda aliona jinsi wenzangu walivyonisukuma mbele. Akainama kidogo, akaniuliza mimi. "Binti, ulimfunga mfalme wake?"

"Hapana, Mzee," nikasema. "Tulitoka sare."

Aliniwekea mkono kichwani, akasema njia ya mwongo ni fupi, na kwamba nimelelewa vizuri. Kisha akasema neno lake ni moja, na sare si ushindi. Jumatatu kinanda kiliingia. Sisi tulihamia kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga, ambako huwezi kusikia unachofikiri, na baada ya majuma machache tukabaki wawili, kisha sikubaki na mtu wa kucheza naye. Mwalimu Koech aliporudi alihuzunika, akanifundisha peke yangu dukani kwa baba, chini ya taa. Kibet hakuja. Mwaka uliofuata aliacha shule akaingia gereji. Tulipokutana barabarani alinipita kama nguzo ya stima.

Siku hizi Huruma ina ukumbi wa vijana wenye mbao kumi na mbili za sataranji na sheria zilizobandikwa ukutani. Wasichana hucheza kwa saa za kubonyeza, tena kwa dharau tamu: "Unalia nini sasa, si ulijiona fundi?" Nilialikwa majuzi niwasimulie kuhusu uandishi, ambao ndio kazi yangu sasa. Niliwatazama nikawaonea wivu, si kwa mbao zao, bali kwa sababu hakuna mzee anayesimama mlangoni akiwaambia washinde ndipo wakae. Chumba chao si zawadi ya mshindi. Hata anayefungwa kila Jumamosi ana benchi lake, na pembeni kuna meza ndefu ya wanaofanya kazi ya shule.

Nilipotoka hapo nilipita kwenye kibanda cha Kibet. Ana karakana yake ya kuchomelea madirisha na milango, na vijana wawili wanaomwita Mzee ingawa hajafika arobaini. Alizima mashine, akanivutia ndoo nikae. Tulizungumza juu ya mama zetu na mvua. Kisha akasema bila hasira, "Ulisema ukweli, Nyambu, halafu ukaenda nyumbani kwenye duka lenye taa. Mimi niliupeleka wapi huo ukweli?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya swali lile kwa miaka ishirini, mengi yakiwa mazuri na yenye methali. Nikayaacha yote. Nikamwambia kwamba haukuwa uaminifu. Ile sare ilikuwa kitu cha kwanza nilichokifanya kwa akili yangu mwenyewe, niliipenda mno, na sikuweza kuvumilia iitwe jina lingine, hata kwa ajili yake.

Kibet akaanza kucheka, akacheka hadi vijana wake wakageuka.

"Si ungesema hivyo siku ile," akasema, akijipangusa macho kwa kiganja cheusi. "Ningekupiga, lakini ningeelewa."