Siku Kichochoro cha Regina Kilipohesabiwa

Regina alikuwa fundi cherehani wa Mwanga, na cherehani yake ilikaa barazani, kwenye kichochoro kinachotokea sokoni. Kwa miaka kumi na tisa alishona huku akitunza funguo za majirani, akiamua ugomvi na kuwaelekeza wageni nyumba wanazozitafuta, hata kabla hawajauliza.

Kisha zikaja habari kwamba kichochoro kitazibwa, pawe maegesho ya malori. Kingeachwa tu iwapo wapitaji wangefika mia tatu kwa siku.

Jumanne asubuhi akaja Bwana Leodgar, mtaalamu wa mipango miji, kuwahesabu, na fomu yake na kiti cha kukunja. Regina akafungua kabati la nguo za wateja. Akamvika Mzee Gervasi, muuza kahawa, suti ya bwana harusi yenye mkono mmoja, akamsukuma apite. Mzee akazungukia nyuma, akapita na kanzu. Akazunguka tena, akapita na joho la kwaya.

Mara ya tano Leodgar akainua kalamu. "Shikamoo tena, Mzee."

"Marahaba. Hao wengine ni pacha wangu."

"Pacha watano?"

"Mama alikuwa na bidii."

Leodgar alicheka mpaka kiti kikajikunja naye akiwa ndani. Suruali ikachanika kuanzia kiunoni hadi gotini. Regina akamfunga kitenge, akamkalisha kwenye benchi, akaanza kushona suruali. Yunisi wa jirani akamletea mihogo ya kukaanga kumpa pole. Watu wakaja kumwona ofisa aliyevaa kitenge, nao wakakaa. Mmoja akapata fundi wa paa palepale, mwingine akamposea mwanawe.

Alasiri Leodgar akatazama fomu, uso ukamshuka. "Mama Regina, wapitaji ni arobaini na mmoja tu. Wengine wote hawapiti. Wakifika, wanakaa."

"Sasa si uandike wanaokaa?"

"Fomu haina kisanduku chao."

Regina akamsogezea rula na chaki ya kushonea. "Kichore."

Leodgar akachora kisanduku, akahesabu mpaka kikajaa, akachora kingine nyuma ya karatasi.

Malori yakatafutiwa uwanja mwingine. Baada ya mwezi kikaletwa kibao kipya, kikachimbiwa mbele ya baraza: MARUFUKU KUSIMAMA HAPA. Mzee Gervasi akakisoma kwa sauti, akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuongeza benchi.