Kamba Kati ya Rachel na Sukey

Jumamosi ya mwisho ya Mei, siku ya kusafisha makaburi, Izora Musgrove alishuka garini na jembe dogo, ndoo ya maua na mfuko wa kokwa za mti wa hikori. Akakuta kamba. Ilikuwa kamba ya manjano, imefungwa kwenye vigingi, nayo ilipita katikati ya kaburi la Rachel na kaburi la Sukey kama kisu katika mkate. Upande wa Rachel yalisimama mawe ya marumaru. Upande wa Sukey yalikuwapo mawe ya mtoni ishirini na matatu, yasiyoandikwa kitu. Izora aliyajua yote kwa majina ya wenyewe.

Hakuhitaji kuelezwa. Uzio mpya ungefuata kamba hiyo, na nje ya uzio yangebaki malisho ya mfugaji. Ng'ombe hawajui kaburi.

Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapikia watoto wa shule katika vilima vile vya mashariki ya Oklahoma, weusi, weupe na Wacheroki, kwa mwiko uleule. Sukey alikuwa mama wa bibi yake, na alikuwa mtumwa wa Mcheroki. Neno hilo wengi wa huko hulipita wakiwa wameinamisha macho. Serikali ilipowafukuza Wacheroki kwa bunduki kutoka nchi yao ya asili, wakatembea na kuzika watoto kando ya njia, Sukey naye alitembea, msichana wa miaka kumi na miwili, amebeba sufuria ya bwana wake. Njia ile watu huisimulia kwa machozi, na wana haki. Lakini mbeba sufuria hasimuliwi.

Baada ya vita vilivyokomesha utumwa, taifa la Wacheroki lilitia saini mkataba kwamba waliokuwa watumwa wake, pamoja na vizazi vyao, watakuwa raia kamili. Miaka ikapita, akaja karani wa serikali na meza yake. Mbele ya meza walisimama Rachel na Dicey, wote wawili mabinti wa Musgrove, Mcheroki mwenye mashamba: Rachel kwa mke wa ndoa, Dicey kwa Sukey. Karani hakuuliza habari za baba. Alitazama nyuso. Rachel akamwandika katika orodha ya wenye damu ya Kicheroki. Dicey, aliyemzaa mama yake Izora, akamwandika katika orodha ya walioachwa huru, kana kwamba hakuwa na tone la damu ya baba yake. Na Machi ya 2007, miezi miwili kabla ya kamba hii, Wacheroki wakapiga kura: asiyetokana na orodha ya damu si raia tena. Karani aliyekwisha oza kaburini alikuwa bado anawatenga watu.

Mwenyekiti wa kamati ya makaburi alikuwa Dwight, kitukuu wa Rachel, wakala wa bima mwenye nywele za rangi ya majani makavu.

"Shangazi Izora! Umetuletea kanuchi?"

"Nimeleta kokwa. Kamba hii ya nani?"

"Aa, uamuzi wa kamati huo. Makaburi ya raia yanakaa ndani. Si chuki, Shangazi, ni sheria tu. Mimi nakupenda, unajua."

"Nimekulisha miaka sita shuleni, na mapenzi yako yanaishia kwenye kigingi?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Dwight akacheka pia, lakini masikio yakamwiva.

Kila mwaka Izora ndiye aliyetwanga kokwa zile pamoja na maganda yake, akafinyanga madonge, akachemsha, akachuja, ikapatikana kanuchi, mchuzi mzito wa kumimina juu ya mahindi. Bila kanuchi, siku ile ilikuwa kazi ya kung'oa magugu tu. Safari hii alichukua kiti chake cha kukunja, akakiweka juu ya kamba, baina ya Rachel na Sukey, akaketi.

"Leo sitwangi," alisema. "Mnataka mikono yangu kinuni na mifupa ya Sukey malishoni. Chagueni kimoja."

"Kwani kutwanga kitu gani?" alisema Kendra, mkewe Dwight. Akaunyakua mchi uliosimama kinuni, akaushusha ncha nene chini. Maganda yakaruka, yakamwingia nyweleni. Akatwanga tena, nusu ya kokwa zikatua nyasini.

Bi Velma, mama yake Dwight, mwenye miaka themanini, alivumilia kidogo, kisha akashindwa.

"Kendra, mwanangu, unatwanga au unafukuza nyuki? Mchi wetu, unene unakaa juu, ndio uzito wake. Ncha nyembamba ndiyo inayoingia."

"Ningejuaje, Mama?"

"Mimi nilifundishwa na Dicey, bibi yake Izora, mlangoni kwake. Bibi yangu Rachel hakuwahi kushika mchi maisha yake yote. Alikuwapo mtu wa kumshikia."

Waliokuwa wakifagia wakasimama na mafagio yao.

"Mama, hayo ni mambo ya zamani," Dwight akanong'ona.

"Ya zamani? Kamba umeifunga jana!" Akajikokota na kiti chake mpaka kwa Izora. "Sogea, mdogo wangu. Babu yetu Musgrove ni mmoja."

"Karibu, Dada Velma. Angalia kigingi kisikuchome."

Wanawake wengine watatu wakafuata na viti vyao. Moto ukawaka chini ya maji matupu. Wanaume, waliofyeka tangu alfajiri, walianza kumtazama Dwight kwa jicho la njaa.

"Basi Jumanne kamati itapiga kura..."

"Kura!" Izora akasimama. "Mimi mmekwisha nipigia. Sukey humpigii. Chakula cha wazee wako njiani kilipikwa katika sufuria aliyoibeba yeye. Ng'oa, Dwight."

Dwight aling'oa. Hakutubu, ilikuwa njaa, na macho ya mama yake. Izora akamwongoza kwa kidole, jiwe baada ya jiwe, akitaja majina, mpaka kamba ikalizunguka la ishirini na tatu. Ndipo akaugeuza mchi, unene ukawa juu, akatwanga. Dwight alipokuja na bakuli kabla ya wenzake, akapewa koleo.

"Chimba kwanza mashimo ya nguzo. Mchuzi hauna miguu."

Jumanne Izora alikwenda posta na barua yake ya kumi na moja ya kurudishiwa uraia wake. Mawe ya mtoni yalikuwa ndani ya uzio. Yeye aliye hai alikuwa bado nje. Barua kumi za kwanza alikuwa ameziandika kwa neno "naomba". Hii ilianza kwa "nadai".