Kiprono wa Redio

Juzi dukani Munyaka redio ilisema Kiprono ameshinda mbio, nikamkumbuka Anko, ambaye naye anaitwa Kiprono. Siku hizi najua Kiprono ni jina la mvulana yeyote aliyezaliwa jioni mbuzi wakirudi nyumbani, na wanaoshinda ni wengi. Zamani, nikiwa msichana mdogo, nilidhani ni mmoja tu, yule wetu wa Kapseret.

Alasiri moja ya siku hizo tulikuwa tunapukuchua mahindi, vumbi likiwasha pua, redio ikapiga kelele jina lake. Mbio zilikuwa za ng'ambo, lakini sikuelewa. Anko alikuwa ameenda mjini kukimbia, akitafuta nafasi ya kuingia kambi ya mazoezi. Nikabeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi ambayo mshindi hupewa, nikamngojea barabarani.

Alishuka kwa boda boda akichechemea.

"Anko, kunywa! Umeshinda!"

Majirani wakacheka. "Kiprono, medali umeificha wapi?"

"Huyo ni Kiprono mwingine, mama," aliniambia polepole. Lakini aliinama, akanywa mpaka mwisho, akinuka jasho na moshi wa kibuyu.

Kesho yake aliamka alfajiri kama siku za mazoezi, lakini akaenda kukamua ng'ombe. Hakukimbia tena. Nami nikafurahi sana, eti sasa Anko atakuwa nyumbani kila siku.