Saa Iliyolala Ubavu

Baba hakumruhusu fundi yeyote aifungue saa yake. Alikuwa mtu wa reli hapa stesheni ya Tabora, na aliamini kwamba saa ikishafunguliwa imeshaharibika, tena hutamjua aliyeiharibu. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, na mchana mkononi ilikimbia kidogo. Dawa yake ilikuwa namna ya kuilaza. Ikilala chali iliendelea kukimbia. Ikilala ubavu, kitufe cha kutilia ufunguo kikitazama juu, ilipunguza mwendo, na hadi asubuhi ilikuwa imerudisha sekunde zote ilizozidisha. Jioni aliiegemeza kwenye kopo la sukari, asubuhi tukaipima kwa redio. Kazi hiyo ilikuwa yetu wawili tu. Kaka yangu mkubwa alitucheka, akasema tunabembeleza bati.

Baba alipougua, saa alinipa mimi, mbele ya kaka. "Huyu anajua inavyolala," alisema. Kaka akajibu sawa, na mjinga mimi nikaamini kwamba ni sawa kweli.

Mwaka juzi nilikwenda Lusu wiki tatu kumsaidia mama mkwe kuvuna karanga. Sikutaka saa iingie vumbi la shambani, na saa ya namna hiyo haipendi kukaa bila kutiwa ufunguo, basi nikamwachia kaka. Nilimwelekeza kila kitu, mpaka habari ya kopo la sukari. Akaniambia niende kwa amani.

Niliporudi nyumbani Isevya, saa ilikuwa safi kuliko nilivyoiacha. Niliilaza ubavu kama kawaida, asubuhi nikaikuta imekimbia. Nikailaza chali, ikachelewa. Wiki mbili nzima niliijaribu kila upande, daftari mkononi, mpaka watoto wangu wakaanza kukonyezana. Mkwaruzo ulioachwa na funguo za mlango za baba ulikuwa palepale mgongoni, kioo kilekile, mkanda uleule, lakini tabia haikuwa yake. Nikampigia kaka simu.

"Saa imezeeka, mdogo wangu," alinijibu taratibu. "Usijitese. Najua unamkumbuka baba."

Huruma ile ndiyo ambayo mpaka leo haijanishuka kooni.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwake Ntalikwa kumjulia hali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha chai. Yeye naye ana saa, aina moja na ya baba, aliyoinunua mtumbani. Ganda lake linang'aa, na miaka yote aliitupa popote anapoivulia. Siku hiyo ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Ubavu. Kitufe juu.

"Kaka, mbona umeilaza hivyo?"

"Ikilala chali inakimbia," alisema, huku akinimiminia chai. "Hivi ndiyo inatulia."

Kisha akasikia alichokisema mwenyewe. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye kitambaa, naye bado kashika birika.

Sikuhitaji fundi wa kunieleza. Nilipokuwa Lusu nimeinama kwenye karanga, alizipeleka saa zote mbili mjini zikafunguliwa, mashine ya baba ikaingia kwenye ganda lake, na yake ikaingia kwenye ganda la baba.

"Nilikuachia ganda," alisema hatimaye. "Lina alama yake. Mimi ndiye mkubwa, mdogo wangu. Ulitaka mimi nibaki na nini?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Labda ningempa, labda nisingempa. Sasa hatutajua, na hilo pia kaninyang'anya yeye.

Nilivua saa ya mkononi mwangu nikaiweka mezani, nikaichukua yake. Hakunizuia. Mkwaruzo wa baba niliuacha pale kwenye kitambaa kilicholowa, maana kuurudisha kwenye mashine yake ingebidi zifunguliwe tena, na mimi sizifungui.

Jioni ile niliiegemeza kwenye kopo langu la sukari. Asubuhi, redio ilipotangaza saa moja, mshale wa sekunde ulikuwa mahali pake hasa. Nililia kuliko nilivyolia msibani kwa baba. Baba alikufa tu. Huyu alinidanganya huku ananipa pole.