Mikono Arobaini na Minne

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka kwenye cherehani yake bila pindo la ziada, inchi mbili nzima, lililofichwa kwa ndani. "Mwili wa binadamu hautulii mahali pamoja," alipenda kusema, pini zimebanwa midomoni. "Leo mwembamba, kesho umenenepa. Nguo inafumuliwa, maisha yanaendelea." Wateja walicheka, lakini hazikupita wiki nyingi kabla ya mmoja wao kurudi na gauni mkononi kuulizia zile inchi mbili zake.

Ukitaka kusema kweli, kazi yake hasa haikuwa kushona bali kuficha. Bega lililoshuka alilitilia sponji. Kitambi alikitengea mikunjo, kikatulia humo kama mgeni aliyepewa kiti. Bibi harusi mwenye mimba ya miezi minne aliwahi kutoka kwenye chumba chake cha kushonea akapita mbele ya shangazi saba, na hakuna hata mmoja aliyeinua nyusi. Katika kutunza siri za miili ya watu Mama Pindo hakuwa na mpinzani, na alijivunia hilo bila haya. Siri moja tu ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, nayo ilikuwa ya nyumbani kwake.

Miaka tisa nyuma, binti yake wa pekee alirudi likizo kutoka chuo cha ualimu akiwa na tatuu. Si kadoa ka kufichwa na mkanda wa saa, hapana. Alikuwa mbayuwayu mzima, wa wino wa buluu iliyokolea, kichwa karibu na kiganja, mkia karibu na kiwiko, mabawa yameuzunguka mkono wa kulia. Baba yake, dereva wa lori aliyekwisha kustaafu, aliuangalia mkono ule, akauangalia ukuta, akasema, "Mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa ukuta wa stendi." Likizo nzima hakumsemesha tena.

Mama Pindo yeye alilia kama aliyefiwa. Jirani mmoja alikuja kumpa pole, akaongeza na chumvi kwamba michoro ile ni ya wahuni na waliowahi kufungwa, na kwamba mwanamke mwenye mchoro haolewi, labda na mwenye mchoro mwenzake. Uchungu wa maneno yale ulikuwa kwamba Mama Pindo aliyajua yote. Mwenyewe aliyasema mara ngapi. Mwaka mmoja kabla yake alikuja kijana mwenye kipini kwenye nyusi na maandishi shingoni, amekumbatia kitambaa kizuri cha suruali, naye akamwambia, "Nina oda nyingi, mwanangu," wakati cherehani imefunikwa na haina kazi tangu asubuhi. Kijana alisema asante, akaenda zake na kitambaa chake.

Basi alifanya alichokijua. Alikata blauzi za mikono mirefu, zenye vifungo viwili kwenye kifundo cha mkono, na kwa ndani akapitisha lastiki nyembamba ili mkono wa nguo usipande mwalimu akiinua chaki. Kila blauzi ikiisha, alimsimamisha binti yake mbele ya ukuta mtupu, akamwamuru aandike hewani herufi zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ndege akichungulia, blauzi ilirudi mezani. Hivyo binti alipata kazi katika shule ya msingi, akapewa darasa la kwanza, akafundisha miaka sita, na hakuna mwalimu wala mzazi aliyewahi kumwona yule ndege. Msimu wa joto alilowa jasho kama aliyenyeshewa, akawaambia wenzake kwamba ngozi yake haipatani na jua.

Kisha, miaka miwili iliyopita, baba akaugua ugonjwa wa kutorudi. Binti alikuja kila Jumamosi kufua shuka zake kwenye beseni, uani, chini ya dirisha la mgonjwa. Alifua na mikono ya blauzi imefungwa vifungo, maji yakapanda hadi kwenye viwiko, hakuikunja hata mara moja. Jumamosi moja mzee alimtazama kwa muda mrefu kupitia dirishani, kisha akamgeukia mkewe. "Mwambie mtoto akunje mikono," alisema. "Analowa."

Mama Pindo alisikia vizuri sana. Alitoka nje, akasimama kando ya beseni, akamwambia binti yake abadilishe maji. Basi, hilo tu. Alijiambia kwamba ilikuwa homa inayosema. Mzee alifariki siku nne baadaye, na lile neno lake halikufika lilikotumwa.

Mwaka huu mkuu wa shule anayofundisha binti akaja dukani kwake na mchoro wa sare. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, anayetembea kana kwamba kengele imeshalia. Alitaka magauni ya walimu wanawake wote ishirini na wawili, yeye mwenyewe akiwemo, kitambaa cha samawati, kola ndogo, mikono mifupi.

Mikono mifupi.  Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa, na Mama Pindo aliipita mbio. Alisema chaki inaharibu ngozi. Alisema jua la siku hizi si la zamani. Mkuu alisikiliza bila kushawishika, mpaka fundi alipotupa karata ya mwisho. "Na adabu, Mwalimu Mkuu. Mzazi akiingia akakuta walimu wamejisitiri mpaka viganjani, ataiheshimu shule."

Mkuu alifikiri kidogo. "Haya," alisema. "Mirefu basi."

Wiki ya kujaribisha magauni ilikuwa adhabu. Walimu walikuja wawili wawili, wakatoka wamekunja nyuso. Mwalimu wa hesabu, mama mnene mwenye feni yake ya mkononi, alisimama mbele ya kioo akijipepea. "Mama Pindo, joto lote hili, mikono mirefu? Tumekukosea nini?"

"Ni agizo la Mkuu."

"Mkuu anasema ni ushauri wa fundi."

Mama Pindo alijaza pini mdomoni, maana mtu mwenye pini mdomoni haulizwi swali la pili.

Ijumaa walibaki wawili tu. Binti yake angekuja saa tisa, Mkuu saa kumi. Binti alifika kwa wakati, akafunga mlango nyuma yake, na hakuuliza mama ameamkaje.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Mikono."

Mama Pindo alijifanya anatafuta futi yake ya kupimia, nayo ilikuwa imening'inia shingoni mwake. "Nimelinda kazi yako," alisema hatimaye.

"Mkono wenye mchoro ni mmoja, mama. Wewe umefunika arobaini na minne." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Mwalimu wa hesabu jana kapata kizunguzungu kwa joto la kujaribu tu. Nilimshika nikamkalisha. Najua ni kwa sababu yangu, na siwezi kumwambia."

"Wakikuona je? Watasema watoto wao wanafundishwa na mhuni. Huwajui watu wewe."

"Nawajua. Mmoja wao ndiye ananishonea nguo."

Hilo lilimpata Mama Pindo mahali penyewe. Alikaa. Akajaribu njia nyingine, ile ya siku zote. "Mimi nilikuzaa na mwili safi, hauna alama. Wewe ukaenda kujitobolesha sindano."

"Masikio ulinitoboa wewe," alisema binti, "nikiwa na miezi mitatu, kwa sindano ya kushonea. Hukuniuliza. Mkono nilijiuliza mwenyewe."

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa kuficha hakuwa na kitambaa cha kujificha nacho.  Binti akafungua vifungo viwili vya kifundoni, akaivua blauzi, akabaki na fulana, akaulaza mkono juu ya meza ya kukatia. "Pima. Mfupi, kama ulivyoagizwa."

Kwa miaka tisa Mama Pindo alikuwa akiupima mkono ule juu ya nguo, au macho yakiwa pembeni, kama mtu anayepita karibu na ajali. Sasa alivaa miwani yake ya kazi za karibu, akainama. Alikusudia kupima tu. Lakini jicho la fundi lina tabia zake. Liliona kwamba mgongo wa ndege umechorwa kwa mstari mmoja bila kuinua mkono, kitu ambacho yeye kwenye hariri hukiweza siku tatu kati ya tano. Liliona jinsi mkia ulivyoachwa uwe mwembamba, mwembamba, mpaka ukaishia kwenye ngozi bila kujulikana ni wapi.

Akauliza swali alilolilalia na kuamkia miaka yote hiyo. "Ni wa mwanamume gani?"

"Mwanamume?" Binti alishangaa kweli. "Hakuna mwanamume. Mbayuwayu walikuwa wanajenga kiota juu ya dirisha la bweni letu. Nilikuwa nikiwatazama nikisoma. Niliwapenda."

"Basi?"

"Basi."

Mama Pindo aliyewahi kumwazia mwanawe bwana wa siri, genge, kiapo cha damu, na usiku mmoja mbaya hata pepo, aliganda na futi mkononi. Kumbe ni kiota. Kicheko kilimtoka kikiwa kimechanganyika na kitu kingine kinachouma. Ili asilie, akarudi kwenye ufundi. "Amekosea huyu mchoraji wako. Bawa hili lina manyoya saba, hili sita."

Binti aliuinua mkono, akahesabu, midomo ikicheza. Akahesabu tena. "Miaka tisa ninaye," alisema, "sikuwahi kuhesabu." Nao wakacheka wote wawili, wakiwa wameegemeana juu ya meza, na ndiyo maana hawakusikia hodi.

Mkuu wa shule alikuwa ameshasimama ndani.

Mkono wa Mama Pindo ulikwenda wenyewe. Ulinyakua kipande cha kitambaa cha samawati na kukiinua kukitupia juu ya yule ndege, upesi, kwa mazoea ya miaka. Binti hakuondoa mkono wake mezani. Hakumtazama Mkuu wala hakujitetea. Alikitazama tu kile kitambaa hewani, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayesubiri kujua kama atapigwa. Mama Pindo aliuona uso ule. Akakishusha kitambaa, akakikunja mara nne ili mikono ipate shughuli.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "yale ya chaki na jua na adabu niliyatunga. Nilikuwa namficha huyu. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye hakuniomba."

Mkuu alivuta kiti cha wateja, akakaa. Alimtazama yule ndege kwa utulivu uleule anaokagulia madaftari, kisha akamtazama mwenye mkono. "Ningeuona siku ya usaili, nisingekuajiri."

"Najua, Mwalimu."

"Sisemi ningekuwa na haki. Nasema nisingekuajiri. Ningemchukua yule mwingine, mwenye cheti kizuri, aliyekuwa anaogopa watoto." Akapumua. "Jumatatu watakuja wazazi ofisini. Si wote. Yupo mmoja nitamkuta mlangoni kabla sijafungua."

"Nitaongea nao mwenyewe."

"Tutaongea nao. Siahidi kwamba wataelewa, na wapo watakaohamisha watoto." Mkuu alisimama, akanyoosha mikono kando, kama afanyavyo kila mtu anayesubiri kupimwa. "Kata, fundi. Yote. Wiki nzima walimu wananinung'unikia kwa joto lako."

Alipokwisha kuondoka, mama na binti walianza kazi. Magauni ishirini na mawili yanatakiwa Jumatatu, na mikono haijifumui. Mama Pindo alifumua mabega na kukata, binti akapiga pasi, akichovya vidole kwenye beseni na kunyunyizia maji, mikono mitupu hadi mabegani, yule ndege akipanda na kushuka katika mvuke. Kikapu chini ya meza kilijaa mikono ya samawati. 

Katika gauni la tisa Mama Pindo aliweka mkasi chini. "Baba yako alinituma kwako."

Pasi ilisimama. "Lini?"

"Ile Jumamosi ya mwisho uliyofua shuka. Alikuwa anakutazama dirishani. Alisema, mwambie mtoto akunje mikono, analowa."  "Sikukwambia. Nilijidai ni homa. Haikuwa homa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa sijawa tayari."

Binti aliisimamisha pasi taratibu ili isiunguze kitambaa. Hakumlaumu mama yake, wala hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Machozi yalimshuka. Aliinua mkono wa kulia kuyafuta kwa mkono wa blauzi, kama alivyozoea miaka tisa, akakuta ngozi tu na yule ndege.

Mama Pindo aliinama, akachukua mkono mmoja wa samawati kutoka kikapuni, akampa afutie.