Muvi Alizochagua Mwantum Akiwa Eda

Mwantum wa mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu mjini, alikuwa na miezi mitatu ndani ya eda pale walimu walipomkumbuka. Mumewe Hamis aliondoka ghafla, presha, kati ya swala ya adhuhuri na chakula cha mchana. Walikuwa na kiduka chao: mke akikodisha vitabu vya mitumba, mume akirusha muvi kwenye flashi za watu. Sasa kiduka kimefungwa, maana mjane wa Kiislamu anatulia nyumbani miezi minne na siku kumi, na Mwantum alitulia kwelikweli.

Kila mwaka, kabla wanafunzi wa kidato cha pili hawajaenda kulala siku tatu kwenye msitu wa Mlima Rungwe, Hamis ndiye aliyewachagulia muvi na vitabu vya kuwaandaa. Kwa hiyo Mwalimu Lugano akaja. Kwa heshima ya eda akasimama barazani, akaongea na pazia la mlango.

“Bi Mwantum, pole na eda.”

“Tumeshapoa, mwalimu.”

“Mwaka huu tunafanyaje? Watoto ishirini na wawili, hata turubai hawajui kulifunga. Marehemu alikuwa anatupa muvi tatu na vitabu viwili. Wajifunze, lakini wasitishike.”

“Nitachagua,” pazia likajibu.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mimi simlaumu mwalimu. Nawalaumu wote waliopita nyumba ile wakatoka wakisema, “Mashaallah, mama yule ana subira.” Subira gani, jamani! Mwantum hakuwa na subira, hakuwa na kitu chochote ndani. Mwanamke aliyekuwa akilia kwa tangazo la sabuni, siku ya msiba hakutoa chozi. Chai alijua ni ya moto kwa kuona mvuke. Bintiye Sabrina akirudi shule na kusema “shikamoo mama,” aliitikia marahaba kama karani anayegonga muhuri.

Akaanza kazi. Asubuhi Sabrina akishatoka, Mwantum alikaa mbele ya runinga na boksi la muvi za marehemu, daftari mapajani. Muvi arobaini na moja aliziangalia, hakuruka hata moja. Mkeka wa kukalia ulipomuumiza alihamia kwenye kochi, basi. Daftarini aliandika hivi: *Mtu anaporomoka genge, mfupa unatokeza. Inafundisha kufunga jeraha. Inafaa.* Chini yake: *Dubu ananyofoa mkono wa mpishi. Dubu huku kwetu hakuna, ila inafundisha kuning’iniza chakula juu. Inafaa.* Na ya tatu: *Ndugu wawili kwenye baridi, mkubwa anamwacha mdogo, mdogo anaita mpaka sauti inakatika. Inafundisha kutembea pamoja. Inafaa sana.*

Vitabu navyo vivyo hivyo. Kimoja cha huduma ya kwanza chenye picha za rangi, kingine cha mtoto aliyepotea porini na kuokotwa mifupa. Alivisoma huku anachambua maharage, akavifunga kwenye mfuko na kumpa Sabrina ampelekee mwalimu. Mwalimu Lugano naye, kwa kumwamini marehemu, hakufungua hata kimoja. Miaka yote walichaguliwa vizuri, akague nini?

Jumamosi wakaonyeshwa zote tatu mfululizo ukumbini, kwa projekta. Ya kwanza haijaisha, kijana mmoja, Amoni, alitoka nje kutapika na hakurudi. Kufika ile ya ndugu wawili, wasichana walikuwa wameshikana wanalia. Jumatatu wanafunzi kumi na saba wakajitoa. Mwalimu akasema waziwazi kwamba wasipofika kumi na tano hadi mwisho wa wiki, safari imekufa, mwaka huu na labda na mwakani.

Siku hiyo hiyo Mama Atuganile, mzazi wa mmoja wa waliojitoa, akashuka kwenye bodaboda kutoka kijijini Kisondela. Alikuja kugombana, lakini kwenye nyumba yenye msiba huingii mikono mitupu, kwa hiyo alikuja kugombana akiwa na mkungu wa ndizi. Akautua, akatoa pole yake vizuri, akakaa, akaivuta khanga. Ndipo akaanza.

“Sasa gwe, wewe mama, mwanangu Anyitike umemfanya nini? Kijana anaota ndevu, leo haendi chooni mpaka nimsindikize! Anasema dubu. Dubu gani Kisondela?”

“Nilidhani zinafundisha,” akasema Mwantum.

“Na wewe uliziangalia?”

“Zote.”

Hasira ikamwishia Mama Atuganile pale pale, asijue aipeleke wapi. Akasema atamenya ndizi, akainuka kwenda jikoni kwa watu bila kukaribishwa.

Sabrina alikuwa amesimama mlangoni na sare za shule, amesikia yote. Huyu mtoto baba yake alimwahidi tangu darasa la tano kwamba akifika kidato cha pili atalala msituni. Tangu msiba hiyo ndiyo ahadi pekee iliyobaki ya kudai, na sasa mama yake ndiye aliyeivunja.

“Mama, hata ile ya mdogo anayeita hukuogopa?”

“Sikuogopa.”

“Hata kidogo?”

Mwantum akaweka daftari chini. “Sisikii kitu, Sabrina. Siogopi, sicheki, sisikii njaa. Tangu siku ile nipo nipo tu.”

Mtoto akaangua kilio. “Mimi nilidhani umenichoka mimi!”

Maneno hayo Mwantum aliyasikia vizuri, na alijua kwamba yanapaswa kuuma. Hayakuuma. Akamvuta binti akamkalisha pembeni yake kwa sababu ndivyo mama anavyofanya, akasema kitu cha akili kuliko vyote alivyosema miezi ile mitatu.

“Basi mimi sifai kupima. Pima wewe.”

Wakaanza upya. Kila jioni kabla ya magharibi walikaa kochini, Sabrina akiushika mkono wa mama yake. Akitishika anaubana, akichoka anaulegeza, na mama anaandika. Kwa dubu mkono ulibanwa mpaka vidole vikafa ganzi, akaondolewa. Ikabaki muvi ya wachungaji wanaowasha moto na kuni mbichi huku mvua inanyesha, ambapo mkono ulibanwa mara moja tu kisha ukatulia. Ikabaki na ya wasichana wanaopotezana kwenye ukungu, wakakaa chini pale pale mpaka wenzao wakawafuata. Kitabu wakachukua kimoja, cha mafundo ya kamba, maana turubai ndilo lililowashinda. Sabrina akapeleka mwenyewe, na safari hii mwalimu akaangalia kwanza. Ijumaa walihesabiwa kumi na sita. Anyitike alikuwa wa mwisho kujiandikisha.

Alfajiri ya safari gari la shule lilipitia Bagamoyo kuchukua watoto wa mjini. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mlima huuoni, ukungu mtupu. Sabrina amevaa koti la baba yake lililomfika magotini, begi mgongoni, anasema “Mama, naenda.” Mwantum akaitikia. Kisha mkono wake ukalishika lile begi.

“Huendi.”

“Mama! Gari hilo linapiga honi!”

“Mvua inanyesha. Huko kuna baridi. Utateleza. Huendi, nimesema!” Sauti ilipanda, moyo unadunda mpaka masikioni. Akaliona genge, akauona mfupa, akamsikia yule mdogo anayeita mpaka sauti inakatika, vyote alivyoviandika *inafaa*, sasa vimemvamia kwa pamoja pale kizingitini.

Sabrina aligeuka akamtazama usoni. “Mama, unaogopa?”

“Naogopa, mwanangu. Naogopa sana.”

Mtoto akacheka huku machozi yanamtoka, akamkumbatia na begi lake lote. “Jumatatu nitarudi. Niachie.”

Mwantum akaachia. Gari likaondoka, na yeye akakaa chini barazani akalia kwa sauti, analia na kumwita Hamis, mpaka majirani wakatoka mbio na khanga nusu nusu, wakidhani Bagamoyo imepata msiba mwingine. Wakamzunguka wanauliza ni nani tena, amekufa nani?

“Hamis,” akasema Mwantum. “Mume wangu amekufa.”