Ng'ombe Mmoja kwa Kila Nguzo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya simu ya waya nilikabidhiwa mkanda wa ngozi, koleo, na mzingo wa waya ulionilemaza bega wiki nzima. Reli ilikuwa bado ngeni Dodoma, na Mdachi ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Mkubwa wangu tulimwita Bwana Fundi, Mdachi mfupi mwenye Kiswahili cha kukatakata. Hakuanza kunifundisha kupanda nguzo, alianza na kutafuta. "Waya ukikatika usikimbie ovyo," aliniambia. "Nenda katikati, uliza."

Nyie vijana mnaoinua simu tu na kuongea hamwezi kujua shida ile, kwa hiyo nieleze. Unakwenda hadi nguzo ya katikati, unaunganisha chombo cha kugongea, unaita stesheni. Stesheni ikijibu, nyuma yako ni pazima na ubovu uko mbele. Basi unakwenda nusu ya sehemu iliyobaki, unauliza tena, mpaka unafika penyewe. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi, maana mimi tangu utotoni kwetu Unyamwezi nilikuwa mtu wa kudadisi, mpaka mama akawa ananifukuza jikoni.

Nilianzia upande wa Ihumwa, kisha nikahamishiwa upande wa Bahi. Nguzo zilikuwa za chuma kwa sababu mchwa wa Ugogo hawana simile. Wasumbufu wetu wakubwa walikuwa twiga, waliopita na waya shingoni bila hata kugeuka nyuma. Njiani nilipumzika kwa Mzee Ndahani, Mgogo mwenye tembe kubwa, ile nyumba ya paa la udongo, iliyokuwa karibu kabisa na nguzo zetu. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani humwambia mtani wake lolote bila kukasirikiana. Nikifika nasema "Mbukwa," kama wenyewe wanavyosalimia, naye anaitikia, halafu tunaanza kutukanana mpaka chakula kiive.

Mwaka wa vita ya Wadachi na Waingereza, Bwana Fundi aliniamuru nipake namba nyeupe kwenye kila nguzo. Mchana mmoja nikiwa na kopo langu la rangi, Mzee Ndahani na wenzake walikuwa wanakunywa pombe kivulini mwa tembe. Akaniuliza namba hizo za nini. Nikamjibu kwa uso mkavu, "Ni za ng'ombe. Kila nguzo imeandikiwa ng'ombe wake mmoja, dume la kijana, na mwenye kukaa karibu ndiye wa kumtoa."

Mzee akasema huyo Mdachi wangu na aje aikamue nguzo mwenyewe. Tulicheka mpaka pombe ikamwagika. Pembeni aliketi mgeni mmoja, Mrangi wa Kondoa, mchuuzi wa asali. Hakuwa mtani wa mtu pale, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu hakukaa kwenye pombe. Alisikia yote kwa adabu, akashukuru kwa chakula, akashika njia ya Dodoma. Mimi hata sikumtazama mara mbili.

Haikupita muda, habari zikaenea kwamba boma linataka ng'ombe kwa ajili ya nguzo, nchi ikachafuka. Watu waliswaga ng'ombe kuwaficha kwenye matete ya Bahi. Mnadani hapakuwa na hata ndama. Kisha nguzo sita zikang'olewa, na wakati wa vita hilo lilikuwa jambo la kamba shingoni. Kila askari alipouliza habari imetoka wapi, alijibiwa, "Kwa Ndahani." Wakamkamata mzee, wakamtia ndani bomani.

Bwana Shauri, mkubwa wa boma, akaniita. Alikuwa na hakika kwamba Waingereza walimlipa mtu aeneze uongo ule. Alivyonisimulia yeye ulikuwa wa ng'ombe watatu na watoto kuchukuliwa, nami, Mungu shahidi, sikukumbuka kopo langu la rangi. Akanipa siku tatu nimtafute mtu huyo, kwa kuwa mimi nilijulikana njia nzima. Nisipompata, Ndahani angenyongwa.

Nilianzia Ihumwa, upande wa pili wa Dodoma, nikauliza kama nilivyofundishwa: nani alikuambia? Jambo lililonishangaza, na linanishangaza hadi leo, ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama habari ni ya kweli. Kila mtu alitaka kujua nani ameileta na kwa faida gani. Karani wa simu, mtu wa pwani, aliapa kwamba ni njama ya wachuuzi wa ng'ombe wapate kununua kwa bei ya kutupa. Bibi mmoja wa Ihumwa alinivuta kando akasema boma lenyewe limeitoa, lione sisi tunaficha mifugo wapi. Wote walikuwa na sababu nzuri, nami niliandamana na kila moja kwa hamu, kama mbwa aliyeshika harufu.

Ihumwa walisema ni ng'ombe watatu kwa kila nguzo, na asiye na ng'ombe atatoa mtoto. Nikarudi nusu ya njia, wakasema wawili, na habari za watoto hawazijui. Nilipofika Dodoma, mwanamke aliyeuziwa asali na Mrangi mmoja aliniambia bila kusita, "Ni mmoja tu. Dume la kijana."

Lo! Nilikaa chini juu ya mzingo wangu wa waya. Neno lilikuwa langu, limezunguka nchi nzima likarudi kunisalimia. Yule Mrangi hakuongeza hata punje, alisimulia alichosikia. Kosa lilikuwa langu, niliyetania mbele ya asiye mtani.

Nisiwadanganye, niliogopa. Nililala na siri hiyo, asubuhi nikaenda bomani nikasema yote. Bwana Shauri alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Nani amekulipa useme hivi?"

Nikamweleza utani ni nini. Akasema habari iliyong'oa nguzo sita haiwezi kutoka kwenye mdomo wa mpaka rangi mmoja, lazima nyuma yake kuna mtu mkubwa. Akaagiza Mzee Ndahani aletwe, akamwuliza kama ni mimi niliyeyasema. Mzee alininyooshea kidevu.

"Huyu?" alisema. "Huyu hakusema neno kwangu."

Nikafukuzwa kama mwongo. Bwana Fundi ndiye aliyemwambia Bwana Shauri kwamba akimnyonga mzee, watu watang'oa na nguzo zilizobaki. Basi kamba ikageuzwa viboko ishirini na vitano. Nilisimama uani nikihesabu kila kimoja, na nililia hadharani.

Baadaye nilimpelekea mafuta ya kujipaka. Alikuwa amelala kifudifudi. Nikamwuliza kwa nini alinikana.

"Wangekunyonga wewe," alisema. "Halafu mimi ningemtukana nani?"

Wadachi waliondoka, Waingereza wakaja, nami nikaendelea kupanda nguzo zile zile mpaka magoti yakakataa, nikastaafu. Watu wa hapa bado wanabishana nani alituma habari ya ng'ombe wa nguzo. Nikiwaambia ni mimi, wananikonyeza na kuuliza, "Sema kweli mzee, nani alikutuma?"

Mzee Ndahani alipofariki nilikwenda msibani. Desturi inamtaka mtani amtanie marehemu, awachekeshe wafiwa. Nikasimama mbele ya jeneza, na safari hii sikuwa na utani wowote. Niliwaambia kwamba mtu huyu alichapwa viboko ishirini na vitano kwa ajili ya mdomo wangu, na kwamba alijua, akanyamaza ili mimi niishi.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Machozi yaliponitoka, mkwewe alifuta yake ya kicheko akasema huyu Mnyamwezi kwa kuigiza hana mwenzake.